Kuuza Kahawa Ingali Maua

Wazee wetu walisema, Ahadi ni deni. Neno hili twawafundisha watoto, nalo ni la kweli. Lakini neno la kweli likishikwa upande mmoja tu laweza kumtesa mtu. Basi mwezi huu twataka kulipima kwa habari ya watu wa kazi moja, ambao taabu yao yaonekana kuwa ngeni, lakini tukiitazama sana twaikuta hata milangoni petu. Watu hao ni waandishi wa hadithi ndefu zitolewazo kitabu baada ya kitabu, nao wenyewe ndio wanaozitoa na kuziuza.

Zamani mwandishi alipomaliza kitabu alikipeleka kwa wenye kupiga chapa, akangoja. Wao walikisoma, wakakikubali ama wakakikataa, nao ndio walioweka siku ya kukitoa. Lakini mwaka 2007 kampuni ya Amazon ya Marekani ilifungua njia ya mtu awaye yote kutoa kitabu chake kwa intaneti, kikasomwa katika chombo kidogo cha mkononi pasipo karatasi. Tangu hapo wengi wamekuwa waandishi na watoaji na wachuuzi wa vitabu vyao wenyewe. Hawana msimamizi. Hakuna wa kuwaambia, Amka. Wala hakuna wa kuwaambia, Yatosha sasa, kalale. Hilo la pili ni neno kubwa, nalo husahauliwa upesi na mtu afurahiaye kuwa hana bwana.

Wala haraka yao si upumbavu. Mtu aliyesoma kitabu cha kwanza akakipenda, hutaka cha pili hamu yake ingali moto. Kikichelewa sana, huenda akasahau hata majina ya watu wa hadithi. Tena aliyeanza na kitabu cha tatu hurudi nyuma kununua cha kwanza; hivyo kila kitabu kipya huviuza vile vya zamani. Mwaka 2014 kampuni ile ile ikaanzisha desturi ya wasomaji kulipa ada ya mwezi na kusoma vitabu vingi, na tangu mwaka 2015 mwandishi aliyeingia katika desturi hiyo hulipwa kwa hesabu ya kurasa zilizosomwa. Basi anyamazaye miezi mingi aweza kuona mapato yake yakipungua kama maji ya mto wakati wa kiangazi. Kwa hiyo huwatangazia wasomaji siku ya kitabu ambacho hajakiandika, nao hukiagiza kabla hakijawako.

Hapo ndipo swali linapozaliwa. Siku imekaribia, na kitabu hakijafika hata nusu. Mtoto ana homa. Mgongo wauma kwa kukaa. Mke, ama mume, amekula peke yake jioni nyingi. Je, mwandishi ashike lipi? Mmoja atamwambia: Ulisema mwenyewe, hukulazimishwa, asiyetimiza neno lake haaminiwi tena. Mwingine atamwambia: Kitabu ni kitabu tu, uzima wako na nyumba yako ni zaidi. Wote wawili wasema kweli, na ndiyo sababu mtu huyu hapati usingizi.

Na tutazame mfano wa mtu mashuhuri. Charles Dickens wa Uingereza alianza mwaka 1836 kutoa hadithi ya The Pickwick Papers, sehemu moja kila mwezi, naye aliandika kila sehemu wakati wake ulipofika. Mwezi wa Mei mwaka 1837 Mary Hogarth, mdogo wa mkewe, aliyekuwa akikaa nyumbani mwao, alifariki ghafula, umri wake miaka 17. Dickens hakuweza kuandika. Sehemu ya mwezi uliofuata haikutoka, wala ile ya Oliver Twist, hadithi aliyokuwa akiitoa wakati ule ule. Wasomaji walielezwa sababu. Kazi ilipoendelea walikuwako bado, na kabla hadithi haijakwisha mwezi wa Novemba mwaka ule, kila sehemu iliuzwa kadiri ya nakala 40,000. Basi twaona kwamba deni la mwandishi kwa msomaji ni deni laweza kungoja. Mdai akielezwa mapema na kwa kweli, mara nyingi huwa mpole kuliko mdaiwa alivyoogopa.

Lakini tazama tena mwisho wa mtu huyo huyo. Mwaka 1859 alianzisha gazeti lake la kila juma, All the Year Round, ambalo sehemu kubwa yake ilikuwa mali yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyeandika, ndiye aliyesimamia. Juu ya hayo alisafiri mji kwa mji akiwasomea watu hadithi zake. Mwezi wa Aprili mwaka 1869 mwili ulishindwa, na waganga wakamzuia. Mwaka 1870 alirudi akasoma tena mara 12 mjini London, akaanza hadithi mpya, The Mystery of Edwin Drood, iliyokusudiwa kuwa sehemu 12. Katika mapatano yake na wenye kupiga chapa yalitiwa maneno ya namna fedha itakavyotengenezwa kama akifa kabla ya kumaliza. Naye akafa tarehe 9 Juni mwaka ule, umri wake miaka 58. Siku iliyotangulia alikuwa mezani akiandika. Sehemu 6 tu ndizo zilizopatikana.

Hatusemi kwamba kalamu ndiyo iliyomwua. Maradhi yana njia zake nyingi. Twasema neno moja tu. Yale maneno ya mapatano yatuonyesha kwamba alijua anauza kitu asichokuwa nacho, yaani nguvu za kesho. Na hapa, kwa kadiri tuonavyo, ndipo penye shina la jambo lote. Watu hubishana kama ni vema kuitimiza ahadi ama kuivunja, lakini kosa limekwisha kuingia zamani, siku ile ahadi ilipotolewa.

Ndugu zetu wa Bukoba na Karagwe walijua vizuri desturi iitwayo butura. Mkulima mwenye shida hupokea fedha za kahawa yake ingali maua, ama ingali mbichi mtini, kwa bei ndogo. Siku za mavuno hufanya kazi kwa bidii, huchuma, huanika, hubeba. Lakini mavuno si yake. Kahawa ilikwisha kwenda kabla haijaiva. Mwandishi atangazaye siku ya kitabu ambacho hakijaandikwa afanya butura ya namna yake. Ameuza jioni za miezi ijayo, na usingizi wa miezi ijayo, na uvumilivu wa watu wa nyumbani ambao hawakuulizwa. Siku zile zikija, zamkuta yeye mwenyewe kuwa kibarua katika shamba lake.

Mwingereza mwingine alifanya vingine. Anthony Trollope alikuwa mtumishi wa Posta hata mwaka 1867, naye aliandika riwaya 47. Katika habari za maisha yake, zilizotolewa mwaka 1883 baada ya kufa kwake, alieleza jinsi alivyokaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ya mfukoni mbele yake, akajitaka maneno 250 kila robo saa. Baada ya saa tatu aliweka kalamu chini, akaenda kazini. Wakati wa baridi alipata nafasi hata ya kuwinda kwa farasi. Mwenyewe alijilinganisha na mshona viatu. Lakini neno la kushika zaidi ni kanuni yake hii: kutotoa sehemu yo yote ya hadithi mpaka hadithi nzima imekwisha. Aliivunja mwaka 1860 kwa Framley Parsonage, gazeti lilipomtaka hadithi upesi. Walakini aliendelea kuihesabu kuwa kanuni njema. Mtu wa namna hii huahidi kilicho ghalani. Msomaji hupata sehemu yake kwa siku yake, na mwandishi hulala.

Msomaji mmoja aweza kutujibu: Trollope alikuwa na mshahara wa Posta. Maskini asiye na mshahara atangojaje mpaka vitabu vitatu vimekwisha ndipo atoe cha kwanza? Jibu hili lina haki. Mkulima wa butura naye hakuuza maua kwa upumbavu. Aliuza kwa kuwa ada ya shule ilidaiwa, ama mgonjwa alikuwa kitandani. Hatuwezi kumhukumu mwenye njaa. Lakini hata yeye aweza kuanza na ghala dogo. Kama hawezi kumaliza vitabu vitatu, na amalize kimoja kabla ya kutangaza siku yake. Kama nguvu zake ni ukurasa mmoja kwa siku, na apige hesabu kwa ukurasa mmoja, si kwa kurasa tano alizoandika siku moja alipokuwa na furaha. Tena aongeze majuma ya homa, ya msiba na ya wageni, maana hayo huja kila mwaka ijapokuwa hayaandikwi katika kalenda. Siku ya mbali iliyo ya kweli ina heshima kuliko siku ya karibu iliyo ya uongo.

Tena iko njia ya kugawa mzigo. Amanda Hocking wa Minnesota, Marekani, alianza mwaka 2010 kutoa vitabu vyake mwenyewe, akauza zaidi ya nakala milioni moja kabla ya miaka miwili kutimia. Mwaka 2011 alipatana na kampuni ya wapiga chapa kwa vitabu vinne, kwa fedha kadiri ya dola milioni mbili, akaeleza kwamba alitaka kuwa mwandishi, si kukaa saa 40 kwa juma akishughulika na barua na majalada. Wengine walishangaa kumwona aliyefaulu peke yake akirudi kwa wenye kupiga chapa. Sisi twaona alitambua kwamba kuwa huru si kufanya kila kitu kwa mikono miwili.

Wasomaji nao wana sehemu yao. Mtu hupenda hadithi kwa saa chache, kisha humwandikia mwandishi kwa ukali, Kingine ki wapi? Kitabu kisomwacho kwa siku mbili huenda kilimgharimu mtu mwaka mzima. Ampendaye mwandishi na amwachie pumzi.

Basi jambo hili halikukaa kwa waandishi peke yao. Fundi wa cherehani apokea vitambaa vya watu arobaini kabla ya Noeli, naye ajua kwamba cherehani yake moja yaweza ishirini. Mwalimu akubali darasa, na kwaya, na hesabu za chama, kwa kuwa ni vigumu kusema, Siwezi. Wote hawa ni watu wema, nao huvunja ahadi kwa wingi wa wema. Afadhali wangalikataa mapema.

Kama ahadi imekwisha kutoka na siku imefika, tufanyeje? Hapo hatuna budi kupima madeni kwa tabia yake. Deni la kitabu laweza kusogezwa kwa kuomba, kama lilivyosogezwa mwaka 1837. Lakini mtoto wa miaka mitatu atakuwa wa miaka minne, wala hakuna mdai awezaye kuturudishia mwaka ule. Mwili uliochoka hukopesha kwa muda, kisha hudai vyote mara moja. Lile lisiloweza kungoja na litangulie. Kwa lile liwezalo kungoja, tumwendee mwenyewe, tumwambie kweli kabla ya siku kupita, tuweke siku nyingine, na hiyo tuitimize.

Ahadi ni deni, naam. Kwa hiyo na tukope kwa kiasi, na tusiweke rehani kitu kilicho mali ya nyumba nzima pasipo kuuliza nyumba.