Adabu za Kurudisha Funguo

Ukiamua kuhama kabla ya mkataba kwisha, mtu wa kwanza kuambiwa awe mwenye nyumba. Asiwe dalali, asiwe jirani wa fremu ya pili, wala kijana anayekubebea mizigo. Kariakoo habari hazina mlango. Ukimnong'oneza muuza kahawa wa Mtaa wa Sikukuu asubuhi, adhuhuri zimefika Msimbazi, na jioni mwenye nyumba anazisikia kwa mtu aliyekwisha kuzitia chumvi. Utakapokwenda kwake kesho yake na heshima zako zote, utamkuta amejiona ametukanwa. Wengi wanaolalamika kwamba mwenye nyumba wao ni mkaidi, ukaidi huo wameuanzisha wenyewe kwa kumfanya awe wa mwisho kujua.

Nasema wengi, si wote. Wako ambao hata ungewapa taarifa mwaka mzima kabla, jibu lao ni lile lile: "Kodi ulilipa kwa hiari yako. Kaa au ondoka, hela hairudi." Nasaha hizi ni za mpangaji wa mtu wa namna hiyo. Aliyepanga kwa muungwana hahitaji mengi zaidi ya salamu na tarehe.

Jua kwanza umesimama wapi. Ulaya na Marekani mpangaji kwa kawaida hulipa mwezi kwa mwezi, hivyo anayevunja mkataba mapema ndiye anayebaki anadaiwa, na mwenye nyumba ndiye anayemfuata. Kwetu ni kinyume. Chumba cha Ilala au Upanga hulipiwa miezi mitatu, sita au zaidi kwa mkupuo. Fremu ya Kariakoo mara nyingi hulipiwa mwaka mzima, na kwenye mitaa yenye msongamano wa wateja, kama Kongo na Aggrey, mpangaji hutoa na kilemba juu yake ili aachiwe nafasi, kisha dalali anachukua chake cha mwezi mmoja. Kwa hiyo siku unayotaka kuondoka, fedha iko kwake, na pengine hata kwake haipo tena. Imekwenda ada ya shule, imekwenda kwenye bati, imekwenda hospitali. Mzee anayekukunjia uso huenda hana cha kukurudishia, na aibu ya kutokuwa nacho ndiyo inayomtoka kwa ukali. Ukilielewa hilo, utaacha kushindania fedha iliyokwisha kuliwa, na utamwomba kitu ambacho bado anacho.

Kitu hicho ni ruhusa. Mwombe ukubaliwe kuleta mpangaji mwingine, amalizie miezi yako na akulipe wewe kwa miezi iliyobaki. Mwenye nyumba hatoi senti, fremu haikai wazi, nawe hupotezi kila kitu. Mjini hapa, ambako nafasi moja ina watu watatu wanaoichungulia, hii ndiyo njia inayomaliza mambo mara nyingi kuliko barua ya wakili. Lakini ina adabu zake, na wanaozipuuza ndio wanaojaza ofisi za serikali za mitaa.

Mlete mtu ambaye wewe mwenyewe ungemkopesha. Ukimletea mwenye nyumba mtu wa kuchomelea vyuma katika jengo la wauza vitambaa, umemtafutia moto kwa haraka zako. Usifanye biashara ya siri juu ya mgongo wake pia: kumuuzia mwenzako miezi mitano kwa bei ya saba, au kupokea kilemba kimya kimya, ni jambo litakalofika masikioni mwake siku ambayo mpangaji mpya atagombana naye. Kama kuna kilemba, kitajwe mezani, na mjue nani anapata nini. Mikataba mingi inakataza kumwachia mtu mwingine nafasi bila idhini ya maandishi, na Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka idhini ya aina hiyo isizuiliwe bila sababu ya maana. Kwa hiyo iombe kwa maandishi. Atakapokubali, yeye na mgeni wasaini mkataba wao mpya, na wako uandikwe kwamba umekwisha tarehe fulani. Bila mstari huo utakuwa umehama mwili tu. Jina lako litabaki kwenye karatasi, likimdhamini mtu ambaye huenda hata jina la baba yake hulijui.

Hapa lazima niulize: huyo unayemwita mwenye nyumba ni nani? Kariakoo swali hili si dogo. Nyumba nyingi za asili, zile za vyumba sita na ukumbi katikati, zilikuwa za babu mmoja, na leo ni za wajukuu kumi na wawili, mmoja yuko Temeke, mwingine Muscat. Anayekuja kuchukua kodi ni yule mwenye miguu myepesi. Ukipatana naye kuhusu kuhama, mwezi unaofuata anatokea shangazi na kusema yeye hakushirikishwa. Uliza kwa upole ni nani msimamizi wa mirathi, na makubaliano yasainiwe na huyo. Katikati ya mji, Samora na Jamhuri, uliza kwa namna nyingine. Majengo mengi ya huko yalitaifishwa mwaka 1971, yale yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Aliyekupangisha huenda naye ni mpangaji wa Shirika, anayekutoza mara mbili ya anacholipa. Mtu wa hivyo ni mkali kwako kwa sababu anaogopa. Kumtishia kwamba utamfichua ni jambo linalovutia sana, na nakusihi usilifanye: nafasi ikirudi kwa Shirika, wewe na yeye nyote mko nje. Ukiwa mpangaji wa Shirika moja kwa moja, hakuna mzee wa kukaa naye barazani; peleka barua, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Sasa kikao chenyewe. Usimwendee kwa ujumbe wa WhatsApp, hata kama ndiyo mlivyozoea kutumiana risiti. Usimwendee mwishoni mwa mwezi wala akiwa na wageni, na usimvizie msibani. Baada ya Alasiri, akiwa amekaa barazani, panafaa. Nenda peke yako. Ukimchukua mtu mzima siku ya kwanza, umeshakwenda na kesi. Mtu mzima ni wa kikao cha pili. Maneno yawe machache: "Shikamoo baba. Nimekuja na neno, naomba unisikilize. Mzigo wangu umekaa bandarini muda mrefu, biashara imenielemea, siwezi kufika mwisho wa mkataba. Sijaja kukudai, nimekuja tushauriane." Kisha nyamaza, na hapo ndipo vijana wengi wanaposhindwa. Akisema "hapana", usijibu siku hiyo. Mwambie umemsikia, utarudi Ijumaa. Mtu aliyesema hapana saa kumi na moja jioni mara nyingi huzungumza na mkewe saa tatu usiku.

Hata hivyo upole usikufanye uache karatasi. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari, na Waislamu wa mtaa huu wanajua kwamba aya ndefu kuliko zote katika Kurani, iliyo katika Sura ya Al-Baqara, inahusu kuandikiana madeni mbele ya mashahidi. Kwa hiyo kuomba maandishi si kumdharau mtu. Baada ya kikao, mpelekee barua fupi yenye tarehe ya kuhama, nakala nyingine abaki nayo mwenyekiti wa mtaa. Kama mkataba wako una kifungu cha taarifa, mara nyingi mwezi mmoja au mitatu, kifuate mpaka siku ya mwisho. Kama huna mkataba wa muda maalumu na unalipa mwezi kwa mwezi, Sheria ya Ardhi inataka taarifa isiyopungua kipindi kimoja cha kodi. Ukiwa na mkataba wa mwaka usio na kifungu cha kutoka, sheria haikupi mlango wa kupitia. Zamani ilikuwapo Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya 1984, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo kilichoandikwa na kusainiwa ndicho kinachowahukumu. Soma kabla ya kusaini ungekuwa ushauri mzuri, lakini unakuja umechelewa.

Utasikia jirani anakushauri: hama usiku, acha funguo kwa mlinzi, mambo yaishe. Kodi si umelipa? Mimi naona huo ndio ushauri mbaya kuliko yote, na si kwa sababu ya aibu peke yake. Ukihama kimya umeacha jina lako kwenye mkataba, umeacha mita ya Luku ambayo atakayeingia ataitumia vibaya, na leseni ya biashara na usajili wako wa TRA vinaendelea kuonyesha kwamba uko Mtaa wa Narung'ombe. Siku maofisa wakikuta bidhaa za magendo ndani ya fremu hiyo, watakutafuta wewe.

Na usilipize kwa vitu vidogo. Kung'oa soketi ulizoziweka, kubomoa shelfu zilizopigiliwa ukutani, kubeba mlango wa grili kwa kuwa ulitoa wewe fedha ya fundi: hayo yajadiliwe mapema, yaandikwe, na ambalo hamkuafikiana liachwe. Kuna hesabu moja, hata hivyo, ambayo wapangaji wengi huisahau na inastahili kutajwa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye Luku. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, ikapanda hadi 1,500 na 7,500. Ni kodi ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kama mita ilikuwa yako, toa risiti zako, zijumlishe, umwonyeshe. Hutapata fedha taslimu, ila katika kupatana hesabu ya Luku hulainisha mambo, kwa kuwa mwenye nyumba anajua kwamba umemlipia.

Ikitokea akaweka kufuli lake juu ya lako, na mzigo wako uko ndani, hapo ndipo adabu hupimwa. Usivunje. Ukivunja, jambo lililokuwa la madai linakuwa la polisi, na aliyekukosea ndiye anayekwenda kutoa maelezo kituoni. Piga picha mlango ukiwa umefungwa, mwite mjumbe, na mwenyekiti wa mtaa aandike kwamba alifika na kuona. Kisha mjulishe mwenye nyumba, kwa barua, kwamba mzigo umezuiwa tangu siku hiyo. Asipofungua, nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Wakishindwa ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wafanyabiashara wengi hudharau usuluhishi huo na kuuona kupoteza muda. Mimi siuoni hivyo. Mzee aliyekukatalia barazani kwake, mbele ya watoto wake, anaweza kukubali mbele ya wazee wenzake wa kata, kwa kuwa huko kukubali kunamletea sifa.

Jengo likiwa bovu, habari ni nyingine kabisa. Novemba 16, 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu, na tangu siku hiyo mpangaji anayeona nguzo zimechanika au anayesikia chini wanachimba stoo ana haki ya kuuliza kwa sauti. Huyo asianze kuhesabu miezi iliyobaki. Atoe watu kwanza, atoe taarifa halmashauri, mazungumzo ya kodi yafuate. Na jengo likiunguzwa na moto au kuharibiwa na mafuriko bila kosa la mpangaji, Sheria ya Ardhi inasimamisha kodi; si fadhila ya mwenye nyumba.

Neno moja kwa wenye nyumba, kwani nao husoma. Mpangaji akikuletea mtu mzuri wa kumrithi, ukamkataa kwa hasira tu, kisha wiki mbili baadaye ukaipangisha fremu ile ile kwa mwingine, umelipwa mara mbili kwa miezi ile ile. Sheria ya Mikataba, inapopima hasara ya aliyevunjiwa mkataba, hutazama pia njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Sitaki kukutisha na sheria. Nakuuliza tu kama kodi ile ya pili unaweza kuila ukiwa na amani.

Siku ya makabidhiano, fagia. Piga picha kila ukuta, soma mita mkiwa wawili, lipia bili ya DAWASA mpaka siku hiyo, na karatasi ya kupokea funguo isainiwe na iwe na shahidi. Bandika mlangoni mahali ulipohamia kwa wiki mbili, ukiwa umeomba ruhusa. Nenda TRA ubadilishe anwani. Na mpangaji mpya akikuuliza kwa nini umehama, mwambie la paa linalovuja mwezi wa nne na la maji yanayotoka kwa zamu, maana hayo ataishi nayo. Yale ya mwenye nyumba na shemeji zake, ambayo uliyasikia kwa kuwa ukuta ni mwembamba, hayamhusu.