Nimeiunda Mwenyewe

Ndugu msomaji, naomba nianze na uongo wangu. Si uongo mkubwa. Ni wa maneno mawili tu, na huenda hata wewe umeusema wiki hii.

Niliusema hapa Mazwi, uani kwa babu, mwaka juzi msimu wa mavuno. Nilikuwa nimemaliza kuandika programu ya kompyuta kwa ajili ya kikundi cha wakulima wanaoweka mahindi yao ghala moja na kuuza pamoja. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: karani anapima gunia, anaandika kilo, kompyuta inajumlisha na kumpa kila mtu hesabu yake. Nikaenda kumwonyesha babu. Akaitazama muda mrefu, miwani imeshuka puani, kisha akauliza, "Hii umeiunda wewe?"

"Mimi mwenyewe, babu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akaguna. Babu akiguna namna ile huwezi kujua kama amekubali au ameahirisha kesi.

Sasa sikiliza ukweli. Programu ile ilikuwa na mistari kama 900 ya mkono wangu. Mingine yote niliiagiza. Programu za siku hizi haziandikwi na mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Zinaundwa kwa vifurushi. Kifurushi ni kipande cha programu ambacho mtu mwingine ameshakiandika na kukiweka hadharani kwenye intaneti, wewe unakichukua na kukitumia. Ili kuvikusanya unaandika faili moja fupi: jina la programu yako, toleo lake, leseni yake, halafu orodha ya vifurushi unavyovitegemea na matoleo yake. Chombo cha kuundia kinaisoma orodha hiyo, kinakwenda kuvitafuta, kinavipanga ili cha kutangulia kitangulie, na mwisho kinakukabidhi kitu kizima. Kazi hii si ya jana. Stuart Feldman alitengeneza chombo kiitwacho Make pale Bell Labs, Marekani, mwaka 1976, na wazo lake la msingi bado linatawala: hiki hakiundwi mpaka kile kinachokitegemeza kiwe tayari.

Kwenye faili langu niliandika vifurushi 7. Lakini kila kimoja nacho kina vyake, na hivyo vina vyake tena. Nilipokuja kuhesabu baadaye nilikuta 143. Nilialika watu 7, wakaja kufanya kazi 143, na mimi nikamwambia babu yangu kwamba shamba nimelilima peke yangu.

Mambo yangeishia hapo kama si nyota. Mbele ya kifurushi kimoja kidogo, kinachosoma namba alizoandika karani, nilivivu kutaja toleo, nikaweka alama ya nyota. Nyota maana yake ni toleo lolote. Kwa lugha ya mtaani: yeyote atakayepiga hodi, mpe ufunguo.

Baada ya muda kompyuta ya ghalani iliharibika, nikaiunda programu upya kwenye nyingine. Chombo kikaona nyota, kikachukua toleo jipya. Karani wetu huandika nusu kilo kwa koma, 90,5, kama alivyofundishwa. Toleo la zamani lilisoma tisini na nusu. Jipya lilikuwa limebadili desturi: likifika kwenye koma linakata. Likasoma 90. Halikulia wala halikugoma. Lilisoma tu, gunia baada ya gunia, kwa wiki tatu.

Aliyegundua si mimi. Ni mama mmoja mjane, mwenye daftari la shule la mtoto wake, lile lenye jedwali la kuzidisha mgongoni. Alikuwa ameandika kila gunia lake pale mizani iliposimama. Akanifuata nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mashine yako haijui nusu."

Nikakaa nikapitia. Kumbe kweli. Nikamwambia, kwa sauti ya mtaalamu, "Mama, hili kosa si langu. Ni kifurushi cha mtu mmoja huko Ulaya, amekibadilisha."

Akanitazama. "Huyo mtu wa Ulaya nimempa mahindi lini?"

Vijana wenzangu, swali lile sijawahi kulijibu, na ndilo lililonifanya niandike makala hii. Angalia mwenyewe: ilipokuwa kazi nzuri, nilikuwa mimi mwenyewe, peke yangu. Ilipoharibika, ghafla tukawa wengi, na mwenye kosa akawa yuko mbali, tena hana jina. Je, mtu anaweza kuwa peke yake kwenye sifa na kuwa na wenzake kwenye lawama? Na kama kila kitu tunachounda kimeundwa kwa vitu vya wengine, neno "changu" lina maana gani?

Tuanze na utetezi wangu. Je, yule mtu wa Ulaya alikuwa na kosa? Nilirudi kusoma. Mabadiliko ya koma alikuwa ameyaeleza wazi kwenye maelezo ya toleo lake, kwa mistari miwili. Mimi sikuyasoma. Leseni yake, kama leseni nyingi za programu huria, inasema kwamba kitu hiki kinatolewa kama kilivyo, bila dhamana yoyote. Yaani amechimba kisima kando ya njia, akaandika ubao: anayekunywa na aangalie maji. Hakunidai senti. Mimi ndiye niliyechota, nikayabeba kichwani, nikayauza kwa mama kwa jina langu.

Watu wa aina yake tunawatendeaje? Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu, Azer Koçulu, aligombana na wasimamizi wa npm, ghala la vifurushi, kuhusu jina la kifurushi. Akaamua kuondoa kazi zake zote. Kati ya hizo kulikuwa na left-pad, mistari 11 tu, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi kwa maelfu ikashindwa kuundika siku hiyo, ikiwemo ya makampuni makubwa, mpaka wenye ghala wakakirudisha wenyewe. Wengi waliokwama hawakuwa wamewahi hata kukisikia. Walikuwa wanakanyaga bega la mtu bila kujua kama wamesimama juu ya bega.

Upande wa pili uko pia. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa programu, aliona kuingia kwenye kompyuta zake kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu tu! Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, kifurushi cha kubana data kinachopatikana kwenye mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amesaidia kazi za xz kwa zaidi ya miaka miwili, hadi mtunzaji wake, aliyekuwa akiubeba mzigo ule karibu peke yake, akamwamini. Na ule uovu haukuwekwa pale ambapo kila msomaji hutazama. Ulifichwa kwenye mafaili ya majaribio na kwenye skripti za kuundia, mahali ambapo sisi wavivu wa nyota hatufungui kamwe.

Usiseme haya ni mambo ya wazungu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ulianza mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya kazi ya UKIMWI kule Eldoret, Kenya. Kila moduli yake ina faili linaloeleza ni moduli gani nyingine inazihitaji. Pale "nusu" ikikatwa si mahindi, ni dozi.

Basi kuna watakaosema: dawa ni kutotegemea mtu. Andika kila kitu mwenyewe. Ah wapi! Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alipopewa Tuzo ya Turing alionyesha, katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1984, kwamba hata ukisoma kila mstari wa programu yako, bado chombo kinachoitafsiri kwa mashine kinaweza kuwa kimetiwa hila ambayo haionekani popote kwenye mistari hiyo. Na chombo hicho kiliundwa na chombo kingine, nacho na kingine. Waundaji wa Guix, ambao maelezo yao ya vifurushi huandikwa kama programu kamili, wamefika mbali kuliko wengi: Aprili 2023 walitangaza kwamba vifurushi vyao zaidi ya 22,000 vinaweza kufuatiliwa mpaka kwenye mbegu moja ya baiti 357. Ni kazi ya heshima kubwa. Lakini hata mbegu ile inahitaji kompyuta ambayo haikuota shambani, na kompyuta inahitaji umeme. Umeme wenyewe, watu wa Sumbawanga tunaujua: kwa miaka mingi taa zetu ziliwaka kwa umeme wa kutoka ng'ambo ya mpaka, Zambia. Nilipokuwa nasema "peke yangu", nilikuwa naisema chini ya taa ya jirani.

Wazee wetu hawakuwa na haya katika jambo hili. Porini huku Ufipa bado yamesimama magofu ya malungu, tanuri za udongo zenye urefu wa kama mita 3 walimoyeyushia chuma. Tanuri lilijivutia hewa lenyewe kwa mirija ya udongo iliyowekwa chini. Chuma kilichotoka humo hakikuwa jembe bado. Kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, kikasafishwa kwa moto wa mivukuto, ndipo kikafika kwa mhunzi. Sasa hesabu: mchimba mawe, mchoma mkaa, mfinyanzi wa mirija, wenye ilungu, wenye kintengwe, mwenye nyundo. Jembe ni la nani? Nadhani mhunzi angeweza kusema "nimelifua mimi" na asiwe mwongo. Asingeweza kusema "nimelitoa mimi tu". Ila likivunjika shambani, mkulima harudi kwa mchoma mkaa. Anarudi kwa aliyemkabidhi.

Hapo ndipo nilipofika, na nikikosea unisahihishe. Naona kuna vitu viwili vinavyokwenda njia tofauti. Shukrani inatakiwa ipande ngazi zote, hadi kwa mtu wa mistari 11. Wajibu haupandi. Unakaa kwa yule aliyetazamana na mwenye mahindi na kumwambia "niamini". Mimi ndiye nilichagua kifurushi, mimi niliweka nyota, mimi sikusoma mistari miwili. Mama hakumwamini mtu wa Ulaya, aliniamini mimi. Sikuwa mwizi, lakini mahindi yalipotea mkononi mwangu.

Lile faili la utegemezi basi si karatasi ya karani. Ni ungamo. Unaandika: mimi ni fulani, na bila hawa nisingesimama. Kuandika toleo kamili ni kusema ninamjua ninayemtegemea. Kuweka nyota ni kusema sijali ni nani, mradi kazi iende. Tulipoambiwa kujitegemea, katika Azimio la Arusha la 1967, wengi tulisikia "usimtegemee yeyote". Siku hizi naisoma vingine: jua unamtegemea nani, kwa kiasi gani, na ufanye nini asipokuja.

Nilichofanya ni hiki. Kitabu cha mizani kilikuwepo, tukahesabu upya magunia 138. Zilipotea kilo 61. Nililipa mwenyewe, kwa mafungu mawili, maana sina mfuko mkubwa. Nikafuta nyota, nikaandika matoleo, nikakaa usiku tatu nikisoma majina ya waandishi wa vile vifurushi 143. Wengine hawana hata jina, ni herufi tu. Yule wa koma nilimwandikia barua fupi ya kumshukuru. Alijibu kwa neno moja la asante, na kuniuliza mahindi ya kwetu ni ya rangi gani.

Na ninyi mnaoandika hadithi na mashairi msidhani mmepona. Methali uliyoipata kwa bibi, mtindo uliouchukua kwa mwandishi uliyemsoma darasa la saba, tukio la jirani ulilolibadilisha jina: hayo nayo ni vifurushi. Hatuombi uyaandike yote chini ya shairi. Tunaomba ukiulizwa "umeandika peke yako?" usijibu haraka kama mimi.

Nilirudi kwa babu. Nikamwambia, babu, ile programu sikuiunda peke yangu, tulikuwa kama watu mia na arobaini hivi, na mmoja nilimwacha aingie bila kumtazama.

Akauliza, "Yule mama amelipwa?"

"Amelipwa, babu."

"Kwa kilo zake zote?"

"Na nusu."

Akaguna tena. Safari hii akanisogezea kigoda.