Silaha za mezani na haki ya wafu wa Karari

Wako watu wazima, hasa Uingereza na Marekani, ambao jioni zao huzimalizia kwenye meza iliyopangwa visanamu vya askari, wakipima umbali kwa rula na kurusha dadu kujua nani kafa na nani kabaki. Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1824 jeshi la Prussia liliupokea kwa kufundishia maofisa wake, na mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kuuchezea nyumbani.

Wachezaji hao wana mjadala wa siku nyingi: je, ni lazima silaha za mezani zilingane na zile za historia? Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya kitoto. Naomba asiharakishe.

Tuchukue vita vya Karari, karibu na Omdurman, Sudan, Septemba 2, 1898. Upande mmoja alikuwa Khalifa Abdullahi na Ansari wapatao 50,000. Upande wa pili Jenerali Kitchener na askari wapatao 25,000 wa Kiingereza, Kimisri na Kisudani, wenye mizinga, bunduki za rashasha za Maxim na boti za kivita mtoni Nile. Siku ile Ansari wapatao 10,000 waliuawa. Wa Kitchener hawakufika 50.

Sasa mtunzi wa mchezo afanye nini? Akiiweka Maxim kama ilivyokuwa, anayecheza upande wa Khalifa ameshindwa kabla hajakaa. Akiipunguza makali, mchezo unanoga. Atajitetea kuwa ni mchezo tu, wala hatoi ushahidi mahakamani.

Utetezi huo hautoshi. Mezani, anayeshindwa huhesabiwa kuwa kaamua vibaya. Ukiidhoofisha Maxim, lawama ya vifo vile inaondoka kwenye mashine na kuwaangukia waliokufa: kwamba walikuwa washupavu wasiojua vita. Hiyo ndiyo hadithi aliyoipenda mkoloni.

Upo pia uongo wa pili, wa kuwapa Ansari mikuki mitupu. Kwa hakika walikuwa na maelfu ya bunduki, zikiwemo Remington walizoteka mwaka 1883 walipoliangamiza jeshi la Hicks huko Shaykan. Nyingi zilikuwa zimechakaa na baruti yao ilikuwa dhaifu, lakini hawakuwa watu wasioijua bunduki. Kuwanyang'anya mezani ni kuwanyima akili waliyokuwa nayo.

Basi usawa wa mchezo utapatikana wapi? Jibu limo ndani ya historia yenyewe. Kabla ya vita, baadhi ya makamanda walimshauri Khalifa kushambulia usiku, wakati mizinga na rashasha zisingeona shabaha. Alikataa, wakaenda asubuhi kweupe. Mtunzi mwaminifu ataiacha Maxim na makali yake yote, kisha amwachie mchezaji achague saa ya kushambulia. Hapo atakuwa ametenda haki kwa pande zote bila kumsingizia mtu.

Ndugu msomaji, maiti hawezi kujibu anayosingiziwa. Anayesimulia kifo chake, kwa kitabu, kwa filamu au kwa dadu, amebeba amana, na amana haipungui kwa kuwa aliyeibeba yuko kwenye starehe.