Je, Gereza Linamlipa Nani?



Majuma haya sisi wazee wa kanisa tumebishana sana. Kijana wa kwaya aliiba mbuzi wa mama mjane, akamuuza. Wengine walitaka apelekwe polisi na afungwe ili ajifunze. Wengine tukauliza: atajifunza nini huko?

Tulifungua Torati. Katika Kutoka 22, aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza analipa kondoo wanne. Kwa ng'ombe, watano. Hatukuona mahali Musa anapomhukumu mwizi miaka ya gereza. Katika Walawi 24 kuna mtu aliyewekwa chini ya ulinzi, lakini alikuwa anangoja tu hukumu ijulikane.

Kwetu Kongo, kungoja kumekuwa ndiyo hukumu. Gereza la Makala, Kinshasa, lilijengwa mwaka 1957 kwa watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na zaidi ya 12,000, wengi wao bila kuhukumiwa. Tarehe 2 Septemba mwaka huo wafungwa walijaribu kutoroka. Serikali ilitangaza vifo 129, wengi wakiwa wamekanyagana na kukosa hewa. Mtu anakufa, kesi yake haijasomwa!

Na gharama? Aliyewahi kuwa na ndugu gerezani kule anajua: asiyeletewa chakula na jamaa, njaa inammaliza. Basi adhabu ya mtoto inalipwa na mama yake anayepika.

Hatusemi milango yote ifunguliwe. Sisi tuliokimbia watu wa bunduki hatuwezi kusema hivyo. Muuaji na mbakaji wafungiwe, ingawa wakubwa wao mara nyingi hatuwaoni humo.

Lakini mwizi wa mbuzi? Tulimwendea mama mjane. Akasema hataki mtu afungwe, anataka mbuzi wake. Tena hataki kumwona kijana huyo mlangoni pake. Hilo sisi hatukuwa tumelifikiri. Tulikwisha kupanga aje kumpigia magoti.

Basi kijana anafyatua matofali, na fedha inapokelewa na mzee mmoja, mpaka mbuzi wawili wapatikane. Wanne tuliona hataweza. Hadi leo amefikia nusu ya mbuzi mmoja, na kwenye kwaya amesimama kwanza.

Wapo wanaosema kanisa linalea wezi. Daftari la matofali liko kwa katibu. Kila mshirika anaweza kuja kulitazama baada ya ibada.