Wadogo wa Maji Moto

Beppu, katika kisiwa cha Kyushu huko Japani, ardhi hufuka mvuke usiku na mchana. Maji yake yanaweza kumbabua mtu, lakini ndani yake, kwenye joto la nyuzi 55 hivi, anaishi Thermosynechococcus, sianobakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Huyapasua maji, akatoa oksijeni. Mimi ninayeandika, nawe unayesoma, tunavuta pumzi iliyoachwa na viumbe wa namna yake.

Kwa muda mrefu sasa moyo wangu umetulia juu ya sehemu moja tu ya kiumbe huyu: mfumo-nuru wa pili, mahali ambapo maji hupasuliwa. Umejengwa kwa nusu mbili zinazofanana, kila moja yenye protini 20 na klorofili 35, na ndani yake kabisa kuna atomi nne za manganizi, moja ya kalisi na tano za oksijeni. Protini kubwa zimesomwa sana. CP47, kwa mfano, ina asidi amino zaidi ya 500. Ila zaidi ya nusu ya zile 20 ni vijiprotini. PsbM ina asidi amino 36 tu, na PsbT ni fupi kuliko hiyo. Nyingi kati yao huupenya utando ulio ndani ya seli mara moja tu, zikakaa hapo.

Kuzitambua kulihitaji subira ya aina ya pekee. Seli huvunjwa, utando wake ukayeyushwa kwa sabuni laini, kisha protini zikasukumwa kwa umeme ndani ya jeli. Kubwa hujikokota, ndogo hutangulia, na zilizo ndogo kabisa hutokea upande wa pili au hukataa kushika rangi. Wavu wa matundu makubwa haumtii dagaa mkononi mwa mvuvi. Mwaka 1987 Schägger na von Jagow wa Ujerumani walieleza jeli yenye trisini, ambayo huzitenganisha protini ndogo vizuri zaidi. Hata jenomu, iliyosomwa yote mwaka 2002 na kuonyesha jeni zipatazo 2,475 za protini, haimalizi kazi, maana jeni fupi mno hupitwa kwa urahisi na kompyuta inayozitafuta.

Ndipo huja kupima. Kila kijiprotini hupimwa uzito peke yake, na uzito huo ukalinganishwa na ule ambao jeni inautabiri. Pengine huzidi kwa daltoni 28. Ziada hiyo ni kikundi cha fomili, kilichokuwapo tangu protini ilipoanza kuungwa na ambacho kwa kawaida huondolewa baadaye. Protini kadhaa za mfumo huu hubaki nacho. Hapa mimi husimama. Kitu ambacho hakuna jicho litakalokiona bado kina alama ya mwanzo wake, na yuko mtu aliyekijali hata akaihesabu. Sijui namna nyingine ya kuuita uangalifu huo isipokuwa ibada, hata pale anayeufanya asipotamka jina la Mungu.

Kwa maana kwake Yeye vitu hivi havikuwa vimefichika kamwe. Vilifanya kazi ndani ya maji moto kabla hapajakuwa na jicho la kuvitafuta, wala kupewa jina hakukuviongezea chochote. Aliyeongezewa ni aliyekaribishwa kuvijua.

Mwaka 2011 Umena, Kawakami, Shen na Kamiya walichapisha umbo la mfumo huu kutoka kwa ndugu yake wa maji moto, Thermosynechococcus vulcanus, kwa undani unaofikia karibu sehemu moja ya milioni tano ya milimita. Molekuli za maji zaidi ya 1,300 zilionekana katika kila nusu yake. PsbM na PsbT zilikuwa mpakani, pale nusu mbili zinapokutana. Tangu 2004 ilikuwa imeonyeshwa kwamba PsbT ikiondolewa, nusu hizo huachana kwa urahisi.

Hata hivyo seli haifi. Huendelea kuishi kwa mwanga, bila yule mdogo. Jambo hili lilinisumbua, kwa kuwa nilizoea kukipa kitu thamani kwa hasara inayotokea kinapokosekana. Kisha nikasoma habari za Psb30. Jeni yake ilikuwa ikijulikana kwa jina la ycf12 bila kazi yake kueleweka, mpaka mwaka 2007 watafiti wa Japani walipoonyesha kwamba protini yake imo katika mfumo-nuru wa pili wa Thermosynechococcus elongatus, yule wa Beppu. Mimea inayochanua maua haina jeni hiyo katika viwiti vyake, yaani kloroplasti. Mahindi hukua, mpunga hukomaa, jua hugeuka chakula, na Psb30 haimo. Lakini katika maji yale ya moto kila seli inayogawanyika huitengeneza upya na kuiweka mahali pake, nami nikisali siku hizi humshukuru Muumba kwa ajili yake pia, bila kungoja nielezwe inafaa nini.