Hesi na Dhamiri ya Fundi

Tundu la kawaida katika chuma halisemi mengi. Ukitoboa bati kwa keekee, tundu hilo linaweza kupitisha waya, kamba, maji au mwanga, na aliyelitoboa hana haja ya kujua ni kipi. Tundu lenye hesi, au thredi kama wasemavyo mafundi wetu, ni jambo jingine. Kabla ya kuanza lazima uulize bolti itakayoingia ni ya ukubwa gani, kwa kuwa tundu la kwanza hutobolewa dogo kuliko bolti yenyewe. Kwa bolti ya milimita 8 yenye hesi ya kawaida, hutobolewa milimita 6.8, na chuma kinachobaki pembeni ndicho kinachochongwa kuwa hesi. Kisha tepu huingizwa wima, kwa mafuta, ikizungushwa nusu mbele na robo nyuma ili vinyweleo vya chuma vikatike visikwame. Ukiwa na haraka tepu huvunjikia ndani, na kuitoa ni kazi inayomtoa mtu machozi.

Nimeeleza kazi hii kwa sababu swali ninalotaka kulijadili limo ndani yake. Je, fundi anayekata hesi anawajibika kwa kitu kitakachofungwa kwa hesi hiyo?

Swali hili nililiona likiulizwa kwa vitendo Koboko, katika karakana ya mjomba wangu, nilipokuwa likizoni. Asubuhi moja alikuja mtu mwenye gunia. Ndani mlikuwa na bomba la chuma, kipande cha mti kilichochongwa mfano wa kitako, na bamba dogo la kuviunganisha. Aliomba matundu mawili tu yakatwe hesi.

"Bolti namba ngapi?" mjomba aliuliza.

"Sita, fundi."

"Zitashika nini?"

"Kitu cha nyumbani tu, mzee. Nyani wanatumalizia mahindi."

Mjomba alilitazama bomba kwa upande mmoja, kisha kwa upande wa pili. Akalirudisha ndani ya gunia kwa mkono wake mwenyewe. "Hii siwezi, ndugu yangu. Lakini chai ipo, kaa unywe." Yule mtu hakukaa. Alipokwisha kuondoka, vijana wa karakana walinung'unika kwamba pesa ya siku imefukuzwa mlangoni. Mmoja wao alitoa hoja ambayo tangu siku hiyo sijaacha kuipima: chuma hakina nia. Hesi ile ile ya milimita 6 hushika bawaba ya mlango wa msikiti, hushika taa ya bodaboda, hushika mashine ya kusagia. Fundi huuza hesi, hauzi nia.

Hoja hii si ya kupuuzwa, na historia ya hesi yenyewe inaiunga mkono kwa kiasi. Zamani kila karakana ilikata hesi kwa kipimo chake, na nati iliyotoka kwa fundi huyu haikuingia katika bolti ya fundi yule. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja kwa wote, hesi yenye pembe ya nyuzi 55. Mifumo mingine ilifuata, ukiwamo huu wa milimita tunaoutumia. Matokeo yake ni kwamba leo bolti iliyotengenezwa India hununuliwa katika soko la Arua na kuingia bila shida katika tundu lililokatwa Koboko, na katika mnyororo huo wote hapana anayelazimika kujua inafunga nini. Zamani fundi aliyetengeneza bolti na nati zake alijua vinakwenda wapi. Kipimo cha pamoja kilimwondolea fundi mzigo wa kujua, na hiyo ni faida kubwa kwa dunia.

Lakini Whitworth huyo huyo, katika miaka ya 1850, alibuni bunduki yenye mtutu wa pembe sita kwa ndani. Malkia Victoria aliifyatua mwaka 1860 kufungua mashindano ya shabaha huko Wimbledon, na katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani wadunguaji wa majimbo ya Kusini waliitumia kuwalenga watu kutoka mbali. Mwaka 1868 alitoa mali yake kuanzisha ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa uhandisi. (Sisi wanafunzi, tunapotafuta mfadhili, ni nadra kuuliza pesa zilianzia wapi.) Je, Whitworth anawajibika kwa kila kilichofungwa kwa hesi yake? Kusema hivyo ni upuuzi. Je, anawajibika kwa bunduki yake? Nadhani ndiyo, angalau kwa sehemu. Mikono ni ile ile na chuma ni kile kile. Kinachotofautiana ni kwamba katika jambo la pili alijua.

Basi chuma hakina nia, nakubali. Ila kijana wa karakana alisahau kwamba fundi si chuma.

Hapo wengine hupata njia ya mkato: kama kujua ndiko kunakoleta wajibu, usiulize. Kata hesi, pokea pesa, mengine mwachie mwenyewe na Mungu wake. Naona njia hii imefungwa na kazi yenyewe. Fundi amekwisha kuuliza nusu ya swali, "bolti namba ngapi?", kwa kuwa bila hilo hawezi kutoboa. Anayeuliza ukubwa kisha akanyamaza mahali ambapo swali la pili limemjia mdomoni hawezi kusema kwamba hakujua. Amekuona kujua kunakuja, akageuza uso. Sisemi kila mteja ahojiwe kama mshukiwa. Mwenye pikipiki iliyolegea ukuta wa injini haulizwi anampakia nani. Swali huletwa na kitu kilichoko mkononi, na bomba lenye kitako katika gunia linauliza lenyewe.

Hoja ya pili ya vijana ilikuwa kwamba asipofanya mjomba atafanya mwingine. Hilo ni kweli. Koboko ni mji wa barabara kuu, Oraba na mpaka wa Sudan Kusini viko karibu, Kongo iko karibu zaidi, na karakana ni nyingi. Lakini tukiikubali hoja hii kama udhuru hapatakuwa na mwenye hatia duniani, maana kila mtu ana jirani. Kuwapo kwa jirani kunanieleza kitakachotokea kwa bamba lile. Hakunielezi mkono wangu ufanye nini.

Katika mjadala na wenzangu, mmoja alipendekeza njia ya werevu: fundi akubali kazi, kisha akate hesi hafifu, ili kitu kile kifunguke na kisifae. Nilishtuka. Bomba la maji halikutengenezwa kubeba mlipuko wa baruti, na gobore la namna hiyo likifunguka humfungukia aliyelishika, au mtoto wake aliyesimama nyuma yake. Angekuwa amemdhuru mteja huku akimtazama usoni. Na akiikata vizuri, ustadi wake wote umeingia katika silaha. Kazi mbovu ina dhambi yake na kazi nzuri ina yake, kwa hiyo nafasi ya kusimama iko kabla ya keekee kuwashwa.

Mpinzani wangu mkubwa ni bibi yangu wa Arua. Nilipomsimulia, nikaongeza kwamba sheria ya silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inamtaka mwenye bunduki awe na cheti, na kwamba kuitengeneza bila kibali ni kosa, alinikatiza. "Mjukuu wangu, wale wa Ombaci waliuawa na wenye vibali." Alikuwa akisema juu ya tarehe 24 Juni 1981, ambapo wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Waliokimbilia pale hawakuwa na kitu mikononi.

Sina jibu jepesi kwa hilo. Naona linaivunja kabisa sehemu ya hoja yangu iliyoegemea cheti, na nimeiondoa. Bunduki yenye kibali si safi kwa sababu ya kibali, na mwananchi anayetaka kujilinda si mhalifu kwa sababu amekikosa. Kama mjomba alikuwa na haki ya kukataa, basi haki hiyo isimame bila mhuri wa serikali.

Ninachoweza kusema ni hiki. Yule mtu alitoa sababu moja, nyani, na huenda alisema kweli. Lakini msimu wa mahindi ni miezi michache, na bunduki hubaki nyumbani mahindi yakiisha. Serikali ya Amin ilipoanguka mwaka 1979, silaha zilibaki na kupita mkono hata mkono, na West Nile iliishi na waasi na majeshi hadi makubaliano ya Yumbe kati ya serikali na UNRF II, Desemba 2002. Kila bunduki kati ya hizo ilikuwa na sababu yake ya kwanza. Hesi hukatwa ili kitu kisilegee, na sababu hulegea upesi kuliko bolti. Fundi huambiwa ile ya kwanza tu, ilhali anakata kwa ajili ya zote zitakazofuata.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na panga?" Panga nalo hudumu kuliko sababu yake, na mjomba huyo huyo hutia panga mpini kila wiki. Nikamjibu kwamba panga lina kazi kila siku, hufyeka, hukata kuni, humenya muhogo, wakati bunduki hungoja tu. Alisema nyumba iliyovamiwa usiku haiulizi kipi kilikuwa na kazi mchana, akaniagiza nikalete maji.