UJUMBE WAKO BADO UNASUBIRI!



Usiitupe karatasi hii. Najua umepewa hapa mkutanoni au pale stendi, na mkono wa pili umeshika simu. Sikukatazi kushika simu, mimi mwenyewe ninayo. Lakini nipe dakika tano tu, kwa maana nataka kusema nawe habari ya hiyo simu, na habari ya roho yako.

Tarehe 3 Desemba 1992, huko Uingereza, kijana wa miaka 22 aitwaye Neil Papworth aliandika maneno machache kwenye kompyuta, yakatokea kwenye simu ya mkononi ya mtu mwingine. Huo ndio ujumbe mfupi wa kwanza wa simu duniani. Ulisema nini? Ulikuwa salamu ya Krismasi! Ujumbe wa kwanza kabisa ulitaja sikukuu ya kuzaliwa kwake Mwokozi. Sasa nakuuliza: ujumbe wako wa mwisho, uliotuma jana usiku, ulisema nini? Unaweza kumsomea mama yako?

JE, CHA BURE NI BURE KWELI?

Unaletewa ujumbe: "Pakua wimbo huu bure." Unabonyeza. Kesho umeweka vocha, baada ya muda salio limepungua. Unasema mtandao umekuibia. Kumbe ulijiunga mwenyewe na huduma ya kukatwa kila siku, nawe hukusoma. Unakumbuka yale matangazo ya redioni? Mwanzoni mtangazaji anasema polepole na kwa furaha: shinda, jipatie, burudika! Mwishoni anakimbiza ulimi: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Utamu unasemwa polepole, gharama inasemwa mbio.

Ndivyo Shetani anavyofanya. Anakuonyesha bia, hakuonyeshi ini. Anakuonyesha picha chafu, hakuonyeshi usiku utakaolia kwa sababu umeshindwa kuacha. Masharti yake anayaficha. Lakini Mungu ameyaandika waziwazi: dhambi inamlipa mtu kifo, na uzima wa milele ni zawadi katika Kristo Yesu. Soma mwenyewe Warumi 6:23.

Tena sikia neno hili. Mwaka 2004 wataalamu waligundua kirusi cha simu kilichoitwa Cabir. Kilitembea chenyewe kutoka simu hadi simu kwa njia ya Bluetooth. Lakini hakikuweza kuingia mpaka mwenye simu akubali! Kilimwuliza, akakataa. Kikamwuliza tena, na tena. Wengine walichoka wakabonyeza "ndiyo" ili wapumzike. Kijana, hivi sivyo ulivyoanza bangi? Hivi sivyo ulivyompoteza yule binti, au ulivyopotezwa wewe? Hukuvunjiwa mlango. Uliulizwa mara nyingi, ukachoka, ukasema ndiyo.

NILIKUWA MTUMAJI

Sikuhubirii kama mtu msafi aliyekaa juu. Mwaka 2013 nilikuwa kijiweni, sina kazi, nimemaliza darasa la saba tu. Rafiki akanifundisha kazi ya upesi. Tulipata laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine. Tunaandika: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Tunatuma kwa watu mia. Tisini na tisa watatukana au watanyamaza. Lakini katika mia hao yupo mmoja ambaye kweli alikuwa anataka kumtumia mtu hela siku ile ile. Huyo atadhani ni yule yule. Huo ndio utapeli wote, hauna uchawi ndani yake.

Siku moja ikaingia shilingi 40,000. Kabla sijaitoa, simu ikaita. Sikupokea. Ikaita tena. Mara ya tatu nikapokea, nikakaa kimya. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. Akasema, "Mwanangu, imefika? Usichelewe, mtoto apate dawa leo."

Alinidhania mimi ni mwanawe.

Nikajibu, "Imefika, mama." Akasema, "Mungu akubariki." Nikakata.

Nikaitoa ile hela. Tulikula chipsi na kuku, tukanywa. Nikafuta ujumbe, nikachomoa laini, nikaivunja, nikaitupa chooni. Nikajisemea, yamekwisha. Lakini namba ya yule mama ilikuwa imeingia kichwani, wala haikutoka. Nikilala, naisikia ile sauti: "Mwanangu, imefika?" Sikujua kama mtoto alipata dawa. Mpaka leo sijui.

KUFUTA SIYO KUSAMEHEWA

Watu wengi wanadhani dhambi ikifutwa kwenye simu imefutika. Hata mafundi wa simu watakuambia siyo lazima iwe hivyo. Unafuta picha, kumbe mara nyingi imeondolewa kwenye orodha tu, yenyewe bado imo ndani mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tena nakala iko kwenye simu ya uliyemtumia. Unaweka namba ya siri, unaweka alama ya kidole. Ni vizuri, fanya hivyo. Tangu mwaka 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa ukiwa njiani, asiusome mtu wa kati. Vizuri pia. Lakini yuko Mmoja asiyehitaji namba yako ya siri! Zaburi 139 inasema anayajua mawazo yako kabla hujayatamka. Na Ufunuo 20:12 inasema vitabu vitafunguliwa. Siku hiyo utamwambia nani, "Simu yangu ilipotea"?

Laini umeivunja. Dhamiri utaivunjaje?

Mwaka 2016 niliingia kwenye mkutano wa Injili kama huu, nikiwa nimekuja kutazama tu. Mhubiri akasoma habari za Zakayo, Luka 19, yule mwizi wa kodi aliyekutana na Yesu akaamua kurudisha. Nilitetemeka. Nikaenda mbele nikilia, sikujali waliokuwa wananicheka. Damu ya Yesu ikanisafisha. Haleluya!

Wiki ile ile nikaweka vocha, nikapiga ile namba niliyoibeba kichwani miaka mitatu. Nilikuwa na elfu arobaini mfukoni, nimebeba zege kuipata. Nikasikia: namba unayopiga haipatikani. Nikapiga kesho. Haipatikani. Nikapiga mwezi mzima. Haipatikani. Mchungaji akaniambia nimpelekee hela hiyo bibi mmoja anayelea wajukuu, nikampelekea. Lakini yule mama sikumpata. Mungu amenisamehe, nina amani. Ila neno "nisamehe, mama" bado liko mdomoni mwangu, halina pa kwenda.

Ndiyo maana nakuandikia leo. Kama kuna uliyemwibia, uliyemtukana, binti uliyesambaza picha yake, nenda sasa hivi ungali unampata. Usingoje.

MUDA UTAISHA

Je, unajua ujumbe mfupi unakwendaje? Hauruki moja kwa moja toka simu hadi simu. Unapita kwenye kituo cha mtandao. Ukiwa umezima simu, ujumbe hautupwi. Kituo kinauhifadhi, kinajaribu tena na tena. Ukiwasha tu, mlio unasikika! Lakini ujumbe huo umewekewa muda. Ukikaa umezima mpaka muda upite, unaondolewa, hutausoma kamwe.

Kijana, Mungu amekutumia ujumbe. Ameutuma kwa mama yako alipokuwa anakuombea. Ameutuma ulipopona ile ajali ya bodaboda na mwenzako akafa. Ameutuma tena leo kwa karatasi hii. Wewe umezima. Yeye anajaribu tena. Lakini Isaya 55:6 inatuonya tumtafute wakati anapatikana. Kumbe utakuja wakati wa kutompata! Mimi najua uchungu wa kupiga namba isiyopatikana. Sitaki uujue mbele za Mungu.

Ujumbe wake wenyewe ni huu: alikupenda hata akamtoa Mwanawe afe badala yako, ili ukimwamini usipotee. Yohana 3:16. Huu ndio wa bure kweli. Hautakatwa kitu kesho, kwa maana alilipa Yeye msalabani.

UFANYE NINI SASA?

Acha ile kazi ya utapeli leo, hata kama ndiyo inayokulisha. Futa vile unavyotazama usiku, na ujitoe kwenye kundi linalokuletea. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Usifungue programu iliyoletwa na mtu usiyemjua. Na kwa Tanzania, ukipata ujumbe wa kitapeli, peleka namba iliyoutuma kwenda 15040. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako piga *106#. Hayo yatalinda simu yako na jina lako. Roho yako inalindwa na Yesu peke yake. Basi omba nami, kwa sauti, popote ulipo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Niliyoyafuta Wewe unayaona. Naungama, naacha. Nisafishe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, uwe Mwokozi na Bwana wangu. Nipe nguvu za kurudisha nilichochukua. Kuanzia leo mimi ni wako. Amina."

Kama umeomba kwa moyo, UMEOKOKA! Jumapili hii nenda kwenye kanisa linalohubiri wokovu, umwambie mchungaji. Tafuta Biblia, anza kusoma Injili ya Yohana. Na karatasi hii usiitupe. Mpe mwenzako wa kijiweni.

YESU ANAKUPENDA. WASHA SASA!